Mwenye Kijiko Naye Apimwe Uzito

Hotuba kwa wagonjwa wa saratani, wanaowauguza na watumishi wa afya, Moshi

Ndugu mwenyekiti, waganga na wauguzi wenzangu, wagonjwa wetu mliofika asubuhi hii, na ninyi mliowaleta mkiwa mmebeba chupa za chai, mito ya kuegemea na bahasha za vipimo: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie kukonda kunakoletwa na saratani, na jinsi wagonjwa na wanaowauguza wanavyoiona huduma inayotolewa na timu ya watu wanaoketi pamoja. Nimekuwa afisa lishe kwa miaka 26, lakini leo nitasema zaidi kama binti wa mgonjwa, kwa sababu mengi niliyoyajua ofisini hayakunifaa nyumbani, na kutofaa huko ndiko kulikonifundisha ninalotaka kuwaeleza.

Marehemu baba yangu alipata saratani ya umio, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwetu huku Kilimanjaro, kama ilivyo magharibi mwa Kenya na kule Malawi, ugonjwa huu si mgeni. Tumo katika ukanda mrefu wa upande wa mashariki mwa Afrika, unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani hii huonekana kwa wingi. Ilianza kwa nyama kukwama, ikafuata ndizi, mwishowe hata uji ukawa unapita kwa kusindikizwa na maji. Lakini kilichotushtua sisi watoto si koo bali mkanda wake wa suruali. Siku moja nilimkuta ameketi barazani, msumari umetiwa kwenye makaa, naye anatoboa tundu jipya. Nilihesabu matundu yaliyotobolewa kwa msumari, yakawa matatu. Hakuinua uso. Aliniambia tu kwamba ngozi ya siku hizi inalegea.

Katika hospitali ya kwanza tuliyokwenda alitolewa damu, akapigwa picha, akaulizwa dini yake na namba ya bima, lakini hakupimwa uzito. Mizani ilikuwepo, imesimama kwenye korido, na juu yake yalikuwa yamepangwa makasha ya glavu. Nami mwenyewe, afisa lishe mwenye cheti ukutani, niliipita mizani ile mara nne bila kuomba makasha yaondolewe, kwa kuwa moyoni sikutaka kuiona namba. Tulipokuja kumpima, baadaye sana, mtu aliyekuwa na kilo 68 alikuwa na kilo 54. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili wake ilikuwa imeondoka huku sote tukitazama, na hakuna ukurasa wowote katika faili lake uliokuwa umelitaja jambo hilo.

Katika lugha yetu mwili ni habari. Tunamwambia mwenzetu amenawiri, na kwa neno hilo tunakuwa tumemsifu yeye, mke wake na shamba lake kwa pamoja. Kukonda nako ni habari, na katika nchi hizi ni habari yenye historia nzito. UKIMWI ulipoanza kuonekana Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana kwa jina la kitambaa kilichokuwa cha fasheni. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau, na waliozaliwa baadaye wamerithi ile namna ya kumtazama mtu shingoni kabla ya kumsalimu. Ndiyo maana mama mmoja niliyemhudumia alikuwa akivaa sketi mbili ndani ya gauni kila Jumapili, katika joto la Februari, ili kanisani pasiwe na minong'ono. Kwa hiyo mtaalamu anapomwambia mgonjwa kwamba uzito ni suala dogo tukilinganisha na uvimbe wenyewe, ajue kwamba uvimbe hakuna jirani anayeuona, bali mashavu yaliyobonyea yanaonwa na kijiji kizima.

Sasa nirudi kwa baba. Aliwekewa mrija wa waya kwenye umio, kifaa kinachotanua njia ili chakula kipite. Hospitali ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet huko Kenya, inafahamika kwa kazi hiyo kwa miaka mingi, na hapa kwetu pia inafanyika. Siku ya tatu akanywa mtori, bakuli zima, na mama akapiga vigelegele jikoni. Tuliamini kwamba vita imekwisha: njia imefunguka, basi atakula, na akila atarudi.

Hakurudi. Alikula kwa wiki moja, kisha akaanza kusukuma bakuli pembeni, na uzito ukaendelea kushuka. Hapo ndipo nyumba yetu ilipoharibika. Zamani tulikuwa na adui mmoja, yaani koo lililoziba. Sasa adui akawa baba mwenyewe, kwa sababu kila mtu aliona kwamba anaweza kumeza lakini hataki. Mama aliamka saa kumi alfajiri kusaga karanga. Dada yangu alituma maini kutoka Arusha kwa basi. Kaka alikuja na maneno makali, kwamba mzee anajiua kwa makusudi. Mimi nilikuja na jedwali. Baba alikuwa akitazama sinia linapoingia kama mtu anayemwona karani wa mahakama, na jioni moja alimwambia mama, kwa sauti ya chini isiyo na hasira, "Kila ukiniletea chakula naona umeniletea mashtaka." Mama alichukua bakuli, akalifunika kwa kanga, akaenda kumwaga nyuma ya migomba ili tusijue kwamba limerudi limejaa.

Nimekaa na familia nyingi tangu wakati ule, na naweza kusema kwamba ugomvi huu wa mezani ndio nilioukuta mara nyingi kuliko maumivu na kuliko hata kukosa fedha. Anayeuguza hupima mapenzi yake kwa kile kilichobaki kwenye sahani, na mgonjwa hula ili kumfurahisha anayemuuguza, kisha hutapika peke yake. Wote wawili wanafichana. Na wote wawili, ukiwauliza wakiwa mbalimbali, watakuambia kwamba kosa ni lao.

Kosa si lao, na inafaa nieleze kwa nini. Mtu aliyekosa chakula kwa njaa ya kawaida, mwili wake hujibana: hupunguza matumizi, huchoma mafuta na kuilinda misuli kwa kadiri unavyoweza, na akipata chakula hurudi. Katika saratani kuna hali nyingine ambayo wataalamu huiita kakeksia, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni hali mbaya ya mwili. Hapo uvimbe pamoja na kinga ya mwili inayopambana nao hutoa kemikali zinazouwasha mwili mzima moto wa chini kwa chini. Misuli inavunjwa hata mtu akiwa amelala, na ubongo unapelekewa ujumbe kwamba hakuna haja ya kula. Mwaka 1985 watafiti waliipa mojawapo ya kemikali hizo jina la kachektini, kwa sababu ya kukondesha kwake. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana kwamba hali hii haiwezi kurudishwa yote kwa chakula peke yake, na likaweka kipimo ambacho hata mwenye nyumba anaweza kukitumia: aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6, bila ya kukusudia kupungua, ameshaingia humo. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kilo 3 tu, yaani mfuko mmoja na nusu wa unga wa kilo mbili. Hatungojei mpaka mifupa ionekane.

Baba, basi, alikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa njia iliyoziba, na mrija ulilimaliza. La pili lilikuwa kakeksia, na hilo hakuna aliyetuambia. Daktari wa upasuaji alifanya kazi yake vizuri sana na akaishia pale kazi yake ilipoishia. Aliyetoa dripu za saratani alisema ale protini kwa wingi. Muuguzi mmoja alisema aache maziwa. Jirani alisema sukari inalisha saratani, kwa hiyo chai ikawa chungu, nayo chai ndiyo iliyokuwa kitu pekee alichokitamani. Mganga wa mitishamba akaondoa nyama. Tulikuwa na washauri watano, kila mmoja na amri yake, na mwenye kushika kijiko, yaani mama yangu, alitakiwa awatii wote. (Kuhusu sukari niseme hapa hapa: kila chembe ya mwili hutumia sukari, na kumnyima mtu aliyekonda kijiko cha sukari kwenye uji hakuunyimi uvimbe chochote, kunamnyima yeye.)

Tulifika kwenye kliniki ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa mahututi, kwa sababu ya maumivu, si kwa sababu ya uzito. Ilikuwa Alhamisi. Chumba kilikuwa kidogo, viti havikutosha, na walioketi humo walikuwa daktari, muuguzi, afisa lishe ambaye si mimi, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, na ofisa ustawi wa jamii. Wakatuketisha sote, mgonjwa na sisi, na faili likawekwa katikati ya meza. Nawaeleza kilichotokea kwa sababu kilikuwa cha kawaida mno hata kinaweza kupuuzwa.

Muuguzi aliwasha tochi akamwomba baba afungue kinywa. Ulimi na mashavu kwa ndani yalikuwa na utando mweupe wa fangasi. Kila tonge lilikuwa linamchoma, naye hakusema kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Daktari akauliza amepata choo lini, na ikajulikana ni siku 8, kwa sababu alipewa mofini, dawa ya maumivu makali, bila dawa ya kulainisha choo, na tumbo lililojaa halipokei. Mtaalamu wa fiziotherapia akamwomba asimame kutoka kwenye kiti bila kujishika, akaweza mara mbili tu. Akampa kazi ya kusimama na kuketi mara tano asubuhi na jioni, na kutembea mpaka kwenye mgomba wa tatu na kurudi, akamweleza kwamba misuli isiyotumiwa huondoka upesi zaidi. Afisa lishe alifanya hesabu mbele yetu: mtu kama yeye huhitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo tukitaka kumtosheleza kwa mayai tungehitaji mayai tisa. Baba akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya miezi mingi. Kisha afisa yule akasema tuache mabakuli, tutumie vikombe vya kahawa, mara sita kwa siku, uji mwepesi wenye unga wa dagaa au karanga, mtindi, parachichi lililopondwa, na chai yenye sukari na maziwa kama anaipenda.

Halafu daktari akamgeukia mama. Alisema hivi, na nayakumbuka maneno yake yote: "Mama, ugonjwa huu unamla hata akishiba. Si upishi wako." Mama alijifunika uso kwa kanga. Yule muuguzi, ambaye bado alikuwa ameshika tochi, akamuuliza, "Na wewe umekula leo?" Katika miezi saba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, nami nikiwemo. Wakampandisha kwenye mizani iliyompima baba. Alikuwa amepungua kilo 9.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo huduma ya timu ninayoizungumzia. Haikuwa na mashine yoyote. Kliniki za namna hii ziko katika nchi zenye uwezo mkubwa kuliko wetu: Geelong nchini Australia, Montreal nchini Kanada, Houston nchini Marekani, na hata huko msingi wake ni watu wa fani mbalimbali wanaomtazama mgonjwa mmoja kwa pamoja na kumpa neno moja. Hapa kwetu tunayo mazoea ya karibu na hayo katika tiba shufaa. Uganda, ambako shirika la tiba shufaa la Hospice Africa lilianzishwa mwaka 1993, wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa tangu 2004 kuandika mofini, kwa sababu ilionekana kwamba mgonjwa wa kijijini hawezi kumngojea daktari ambaye hayupo. Timu haihitaji kuwa ya mabingwa. Inahitaji kukutana.

Sisemi kwamba wagonjwa wote wanaifurahia. Mzee mmoja wa Same alituambia wazi kwamba tumekuwa wengi kama baraza la kata, na kwamba alisimulia habari ya choo chake mara tano kwa watu watano. Alikuwa na haki. Kama wataalamu hawakuketi pamoja, timu kwake ni foleni tano badala ya moja. Yule aliyetoka mbali kwa nauli ya kukopa hawezi kuja Jumatatu kwa lishe, Jumatano kwa mazoezi na Ijumaa kwa dawa. Atachagua siku moja, na itakuwa ya dawa. Wengine wanataka kuulizwa mambo fulani mkewe au mwanawe akiwa nje, na mwenye kuuguza naye ana ya kwake ambayo hatayasema mbele ya mgonjwa hata ukimkalisha kutwa nzima. Kliniki yetu ilichelewa kulielewa hili. Sasa tunaanza pamoja, kisha muuguzi mmoja humchukua anayeuguza na kukaa naye kando kwa dakika kumi, na mara nyingi dakika hizo ndizo zenye habari tunayoihitaji: kwamba mgonjwa anatema dawa, kwamba fedha zimekwisha, kwamba nyumbani hawazungumzi tena.

Mtaniuliza kuhusu dawa. Nitakuwa mfupi. Deksamethasoni huongeza hamu ya kula kwa muda, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ileile tunayoilinda. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 124 walioanza tiba ya kemikali, ulionyesha kwamba olanzapini kidogo, miligramu 2.5 kwa siku kwa wiki 12, iliwawezesha asilimia 60 ya waliopewa kuongeza uzito kwa zaidi ya asilimia 5, wakati kwa wenzao wasiopewa ni asilimia 9 tu; ni dawa ya bei nafuu, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, tafadhali msiinunue dirishani. Na utafiti uliotolewa mwaka 2024, uliounganisha mazoezi ya nyumbani, ushauri wa lishe na virutubisho pamoja na ibuprofeni, ulikuta kwamba uzito wa waliohudumiwa hivyo ulisimama huku wa wenzao ukishuka kidogo, ingawa misuli na hatua wanazotembea kwa siku hazikutofautiana. Ninautaja kwa sababu ni kielelezo cha ukweli. Tukimfanyia mgonjwa kila kitu, tunaweza kuusimamisha uzito kwa muda. Anayewaahidi kwamba atarudi kama picha ya arusi, mtilieni shaka.

Baba hakurudi kama picha ya arusi. Kwa miezi minne uzito wake ulicheza kwenye kilo 54 na 55, akafika kwenye mgomba wa tatu, kisha wa tano, na Pasaka akaketi nje na wajukuu. Mkanda ulibaki kwenye tundu lilelile. Halafu ugonjwa ulipanda, na timu ikatuambia mapema kwamba utafika wakati ambapo kumlisha kutamtesa kuliko kumsaidia, kwamba mwili unaofunga safari hauhisi njaa kama tunavyoihisi sisi, na kwamba kumshindilia chakula kwa mpira wa kulishia wakati huo huleta kujaa maji na kukohoa. Wakamfundisha mama kazi nyingine ya mikono ile iliyozoea kusaga karanga: kumlowesha midomo kwa pamba, kumpaka mafuta miguuni, kumgeuza kila baada ya saa mbili. Nawaambia wataalamu wenzangu, msimwambie mtu aache kulisha bila kumpa cha kufanya badala yake. Mikono haiwezi kukaa bure.

Wiki ya mwisho baba aliomba mtori. Mama alileta kikombe cha kahawa, si bakuli. Baba alilamba kijiko kimoja, akasema chumvi imepungua kidogo, akafumba macho. Mama alicheka, akaunywa uliobaki yeye mwenyewe, pale pale kitandani, mbele yake.

Ndugu mwenyekiti, mmeniambia chai iko tayari na sitaizuia. Ninaomba jambo moja kabla hatujainuka. Pale mlangoni, upande wa kulia, tumeweka mizani na daftari, na wauguzi wawili wamesimama hapo. Wagonjwa watapimwa taratibu, kila mmoja kwa faragha yake nyuma ya pazia. Lakini ninyi mliowaleta, mama, baba, dada, kaka, nawaomba mpande kwanza ninyi, na namba zenu ziandikwe.